Immaculate Amondi, Aliyewatambua Ndege Waliopauka

Marehemu Immaculate Amondi Okoth alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na Usenge, Siaya, mtoto wa tatu wa Mzee Boaz Ochola na Mama Seline. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Hakuendelea, kwa kuwa mamake aliugua na wadogo zake walimhitaji.

Mwaka 1983 aliolewa na Phanuel Okoth, fundi seremala. Walianza maisha katika chumba kimoja Kibera, kisha wakahamia Kawangware, ambako aliuza makoti ya mitumba. Wateja wanakumbuka alivyogeuza kola ili waone rangi halisi ya koti.

Mwaka 1998 aliajiriwa kufanya usafi katika jumba moja la makumbusho, kwenye chumba cha ndege waliokaushwa. Mwaka 2014 mkuu wake, Dkt. Geoffrey Mukai, alikuwa akichunguza upya nususpishi, yaani matawi ya aina moja ya ndege. Tawi moja, la ndege wenye rangi hafifu, alikuwa amelitetea tangu ujana wake. Immaculate, ambaye kazini aliitwa Mama Valary kwa jina la mtoto wake, alipopangusa meza aliwatazama ndege hao, akainua bawa la mmoja.

"Daktari, hebu ona hapa. Chini ya bawa rangi ni ile ile ya wale wengine. Hawa walikaa kwenye maonyesho wakapauka tu, kama koti la dirishani."

"Mama Valary, hiyo ni kazi yangu ya miaka ishirini."

"Najua. Ndio maana nimekuambia wewe kwanza."

Jioni hiyo aliwaambia watoto huenda kazi imeisha. Wiki iliyofuata Dkt. Mukai alimkabidhi kifaa cha kupimia, wakapima pamoja midomo na mabawa ya ndege mia mbili na kumi na wawili. Tofauti haikupatikana. Daktari mwenyewe aliandika katika makala ya kisayansi kwamba tawi lile lifutwe, na jina la Immaculate Amondi likachapishwa kando ya lake. Nakala yake Immaculate aliihifadhi pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Alistaafu mwaka 2021 akiwa msaidizi wa utafiti.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya tumbo. Alivumilia matibabu, na kwaya ya kanisani hakuiacha. Aliaga dunia nyumbani Kawangware asubuhi ya tarehe 9 Machi 2025, siku tano kabla ya kutimiza miaka sitini na minne.

Ameacha mumewe Phanuel, watoto Valary, Tonny na Sella, na wajukuu saba. Wa mwisho, Nyawira, alizaliwa Februari. Nyanya yake aliwahi kumpakata, akasema ana masikio ya Okoth, akacheka mpaka akaomba maji.

Mungu amlaze salama.