Kijaluba cha Zuhura

Kabla sijasema langu, niwataje walio hapa uani, katika kikao chetu cha kuacha tumbaku. Yuko Zuhura, shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Yuko Salma, binti yangu, mwenye nyumba hii. Yuko Sista Mwikali, muuguzi wetu kutoka Ukambani. Na huyo nyuma ya nguzo ni Yusuf, mwana wa marehemu dada yangu, ambaye sigara yake ameizima mlangoni. Nimekuona, mwanangu. Njoo mbele.

Ndugu zangu, mimi sikuvuta. Mimi nilitafuna tambuu kwa tumbaku tangu kuolewa. Lakini tumbaku ni ile ile. Nyinyi mwaivuta, mimi naitafuna, na sote yatuamrisha.

Siku moja achari iliniunguza shavu hata nikalia. Sista Mwikali akanimulika kinywani. Kisha akasema, "Bibi, hili doa jeupe silipendi." Daktari akalipima. Si saratani, akasema, lakini nikiendelea na tumbaku na popoo, ile kokwa ya tambuu, laweza kugeuka.

Nikaacha. Kichwa kiliuma, hasira zikapanda, hata Salma akaniambia, "Mama, leo paka mwenyewe amekuhama." Hayo yalipita. Lililonishinda ni alasiri. Kila alasiri sisi wazee twakaa kwa Zuhura, na kijaluba, kile kisanduku cha tambuu, chapita mkono kwa mkono. Nilipokikataa, mmoja wetu, simtaji, akasema, "Mwacheni bibi arusi, ataka meno meupe ya posa!" Wakacheka. Sikurudi tena. Nikawa nakaa peke yangu ghorofani, vicheko vyao vyanijia dirishani kutoka ng'ambo ya kichochoro. Wallahi, upweke ule ulinitisha kuliko doa.

Hata alasiri moja nikavaa buibui, nikashuka. Nawaambia kweli: nilikuwa naenda kuomba. Tambuu moja tu, nirudi kwa wenzangu.

Zuhura akafungua, akaiona mikono yangu ikitetemeka. Akanikalisha pale pangu, akanisogezea kijaluba. Nikakifungua. Ndani mna iliki na karafuu.

"Tumbaku iko wapi?"

"Iko jikoni. Ukiwa hapa, haitoki. Kila siku nakijaza hivi, nakungoja. Mbona umekawia?"

Yule wa utani akachukua iliki yake, akatafuna. Mimi nikalia.

Doa halijaisha lote, na bado naenda kuangaliwa. Lakini tumbaku sijairudia. Ahsante Sista Mwikali, hukunificha. Ahsante Salma, ulivumilia ulimi wangu. Yusuf, ukilemewa usijifiche. Njoo vivyo hivyo, mikono ikitetemeka. Nanyi mnaokaa na mtu anayeacha, msimhubirie. Iondoeni tumbaku mbele yake, mumwekee mahali pake.

Kama nimekosea jina au nimeruka jambo, nisahihisheni, umri huu. Zuhura yupo, mwulizeni. Ila asiwaambie kwamba siku ile nilikuja kumjulia hali. Nilikuja kuomba, naye alijua.