Kahawa ya Mistari ya Juu

Sikilizeni wanangu, tena vizuri, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Wewe mwanangu wa kwanza, zima hiyo simu. Na wewe kitinda mimba wangu, acha kulia, utanidondoshea chozi kikombeni, na kahawa ya chumvi sijawahi kuinywa. Daktari kanikataza, najua. Mwambieni nimemsikia.

Mama yenu ni mkaangaji, tena si wa kubahatisha. Nyumba hii, na kile kikaangio cha chuma kilichoko chumba cha nyuma, vimetoka mikononi mwangu. Lakini kahawa yenyewe ilianzia mlimani, kwenye shamba la babu yenu, ambako tulichuma matunda mekundu moja moja, ukigusa la kijani unachapwa, na buni ikishakuwa safi inatiwa magunia na kwenda ng'ambo, sisi tunabaki kunywa makapi na kuyaficha kwa sukari. Siku moja nikaiba konzi ya ile nzuri, nikaikaanga kwenye chungu cha mama, nikaonja. Jamani! Ilikuwa na uchachu mtamu kama wa chungwa, ukanikaa mdomoni mpaka nikaenda kisimani na kurudi. Nilikasirika, wanangu. Kitu tunakilima sisi, ladha yake hatuijui! Nikaapa kwamba watu wa kwetu watainywa, na leo mafundi cherehani na walimu wanapanga foleni mlangoni, wala hawaulizi sukari.

Sasa ugomvi. Mjomba wenu, kaka yangu, alirithi shamba, mimi nikashika kikaangio, tukaenda sawa mpaka mwaka ule alipoweka buni ghala moja na vitunguu. Buni hunyonya kila harufu iliyo jirani yake. Nilipoikaanga, nyumba nzima ikanuka mchuzi. Nikamwaga magunia yake barabarani, wateja wakitazama. Akaniambia sitaiona tena buni yake, nami nikamwambia vitunguu nitanunua sokoni. Nilisema kweli, sifuti neno. Lakini tangu hapo nakaanga buni ya wengine, nzuri, sikatai, ila moyo wangu unajua. Hilo ndilo limeninyima usingizi: kuwaachia kikaangio bila shamba.

Na kikombe hiki mlichoniletea, mnasema ni kahawa yetu ya kila siku. Mnamdanganya nani? Nimeionja ikiwa moto, nikaiacha ipoe, maana kahawa mbaya hujificha kwenye joto, ikipoa inaumbuka, na nzuri ndiyo kwanza inaanza kusema. Hii ni ya mistari ya juu ya shamba la babu yenu, karibu na kijito, nilikochuma nikiwa na meno ya utoto. Kitunguu hakimo hata chembe. Amejenga ghala jingine, yule mkaidi! Na sasa hivi yuko nyuma ya pazia hilo, namsikia anavyokohoa.

Kitinda mimba, kikaangio ni chako, pua yangu unayo. Buni ikianza kualika, ile milio ya kupasuka, usiende popote, hata nyumba ikiwaka. Mwanangu wa kwanza, chukua duka, maneno unayo. Atakayekuomba uchanganye kahawa na mahindi ya kuunguza, mtoe nje kwa heshima. Nyumba ni yenu wote. Buni mtachukua kwanza kwa mjomba wenu, na mtainusa. Ikinuka kitunguu, mwambieni, lakini mwambieni hapa ndani, mmekaa, mlango umefungwa.

Kaka, ingia basi. Kaa kitandani hapa. Mkono wako bado mgumu vilevile. Usiniombe msamaha, nami sikuombi, tutachelewa bure. Nilikukumbuka sana. Haya, kunywa, kikombe kimoja kinatutosha.

Wanangu... Mungu awashikanishe, msije mkapitisha miaka bila kusalimiana, kama sisi wawili. Awape... pua nzuri, na wateja wasio na haraka. Kitinda, nenda kawashe kikaangio, uache mlango wazi... nataka harufu inifikie. Kaka, usikiondoe kikombe. Kimepoa... ndiyo. Sasa ndiyo kitamu.