Mzee Geuza na Feni Iliyokufa

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye chumba chetu cha majaribio, Mzee Geuza anastaafu tarehe 30 Juni. Kazi yake ilikuwa kupambanisha programu za kompyuta zinazocheza sataranji, kisha kutuambia bila upendeleo ipi kali kuliko nyingine. Mke wake aliposikia kwamba mtu analipwa kutazama kompyuta mbili zikicheza, alicheka wiki nzima.

Jina hilo tulimbandika sisi. Kila mchezo ulipoisha aliurudia: iliyocheza nyeupe ichukue nyeusi, halafu programu zenyewe zibadilishane kompyuta, maana huwezi kujua mashine ipi ina uchovu. Geuza, geuza, kutwa nzima! Tulimwiga kantini mpaka machozi yakatutoka, naye akacheka nasi. Programu ikishinda mara kumi mfululizo, wengine tunapiga makofi. Yeye anasubiri michezo elfu moja ndipo afungue mdomo.

Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa mnafiki.

Miaka kumi na tisa iliyopita alikwenda kumuuguza mama yake, akaniachia chumba. Mimi na haraka zangu, nilipima programu ya dada mmoja aliyeiandika peke yake kwa miaka minne. Nikageuza rangi, kompyuta sikugeuza. Kumbe ile iliyobeba programu yake feni ilikuwa imekufa. Mashine ikapata joto, ikajikokota, programu ikachapwa vibaya mno. Tukaiondoa kwenye orodha yetu ya mwaka ya programu bora, na wateja wake wakamkimbia.

Mzee aliporudi aliigusa ile kompyuta kwa kiganja, akanitazama. Alirudia michezo yote kwa mwezi mzima. Programu ya dada na ile iliyoichapa zilikuwa na nguvu sawa kabisa. Barua ya kumwomba radhi yule dada aliiandika yeye, akasema kosa ni lake kwa kuwa chumba ni chake. Dada alijibu kwa upole kwamba ameshafunga ofisi.

Mwaka ule Mzee alikuwa apewe ukuu wa idara. Hakupewa, kwa sababu ya barua ile. Miaka sita baadaye nikapewa mimi, nikaupokea. Jamani, nilikaa kimya! Kila siku saa nne nilikunywa naye chai, na hata siku moja hakunikumbusha.

Juzi nilimweleza kwamba nitayaandika haya kwenye jarida letu la kazini. Alikataa, akadai yameshapita. Nisamehe, Mzee, kwa mara hii sikutii. Nakala ya jarida hili nimempelekea yule dada, na nyingine nimeiweka kwenye faili lako, juu ya ile barua.

Asante kwa uvumilivu wako. Sote tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya raha pamoja na mama watoto. Kompyuta haikugeuzwa kwa uzembe wangu, si wako.