Käbi Moja, Ukuni Mmoja

Tangu vuli ya mwaka 1992 hadi Ijumaa hii, tarehe 20 Juni 2025, Mwalimu Virve Kannistu amefundisha uraia katika shule yetu. Wakuu wa shule watano wamepita, matanuri mawili yamekufa, na yeye bado anapiga meza kwa rula ileile. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye shahada. Wenye shahada wote wamekimbilia likizo, ndiyo maana mnasoma maneno ya Endel, mchochea moto, aliyeishia darasa la sita.

Virve alikuja kwetu mwaka ambao Estonia ilibadilisha pesa na kupigia kura katiba ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Aliona watoto hawaelewi lolote kati ya hayo mawili, na kusema kweli wazazi wao walikuwa hivyohivyo. Basi akaliambia darasa la tisa lianzishe nchi yake: waandike katiba, wachague rais, watoe pesa. Pesa wakaiita käbi, kama tunavyoziita koni za msonobari, wakachonga chapa yake kwenye kipande cha raba ya sakafu.

Jumatatu mpishi wetu Salme aliuza andazi kwa käbi mbili. Ijumaa andazi hilohilo lilikuwa käbi sitini, maana serikali ilikuwa inapiga chapa kila mapumziko.

“Virve, mwanangu,” Salme akamwambia mbele ya foleni nzima, “hizi karatasi zako nifungie samaki au niwashie jiko?”

Virve alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa ameacha litokee makusudi.

Wiki iliyofuata watoto wenyewe wakaandika kifungu cha saba, na kila darasa la tisa tangu hapo limekipitisha upya: hakuna käbi bila ukuni. Ukipasua ukuni na kuupanga kibandani, benki inakupa käbi moja. Ukirudisha käbi, benki inakupa ukuni. Benki ni kibanda cha kuni cha shule, na gavana wake, mtake msitake, ni mimi. Kifungu cha nane kinasema rais hawezi kumfukuza gavana. Mke wangu alikisoma mara mbili, akauliza kama kinafika mpaka nyumbani.

Salme ndiye aliyefaidi. Aliuza maandazi vuli nzima, akakusanya käbi zake, na baridi ikija anabadilisha kwa kuni za kupashia joto nyumba yake. Kwake yeye ule haukuwa mchezo.

Sasa niwasimulie Februari moja ya miaka ya nyuma. Mkuu wa shule wakati huo alikuwa Aivar Rohtla, mtu mwema mwenye tai nyingi. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuangalia soko la watoto, wanaponunua na kuuza kwa käbi, naye alitaka kila mfuko uwe umejaa. Akaja kibandani.

“Endel, piga chapa noti mia mbili. Za kesho.”

“Kuni ziko wapi, Bwana Mkuu?”

“Kuni za nini? Huu ni mchezo wa watoto!”

“Basi nenda kacheze na Virve.”

Akaenda. Chumba cha walimu kizima kilisikia. “Virve, wilaya inatafuta somo la kufuta. Wakikuta soko limepooza, la kwako ndilo la kwanza. Itikia kwa kichwa tu, yaishe.”

Nusu ya mshahara wa Virve ilikuwa ndani ya somo lile, na alikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Akasema, “Kawaulize watoto, Aivar. Mimi siyo bunge.”

“Lakini mimi ndiye mkuu hapa!”

“Ndiyo maana tuna katiba. Asiye na madaraka tungemwandikia ya nini?”

Kesi ikaenda kwenye mahakama ya watoto. Majaji watatu wa darasa la tisa walijifunga mapazia ya jukwaani. Aivar aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, akajitetea vizuri sana mpaka hata mimi nikaanza kulegea. Ndipo Salme akaingia, mikono imejaa unga.

“Hizo noti mia mbili zitaishia kwangu,” akasema. “Nitazipeleka kibandani. Endel atanipa nini? Nikaote hotuba?”

Majaji wakanong'onezana. Jaji mkuu, binti mmoja mwenye mafua, akasema ombi limekataliwa. Kisha akaongeza, “Bwana Mkuu, shoka liko mlangoni.”

Hakuna aliyecheka. Virve alikuwa mweupe kama chokaa. Aivar akainuka, akavua tai, akatoka nje kwenye theluji. Alipasua kuni kama mtu anayepigana na nyuki. Baada ya muda mwalimu wa hesabu akamfuata, kisha wa muziki, halafu wote. Wageni walipofika walimkuta mkuu wa shule ana malengelenge mikononi na anajivunia käbi zake kuliko mshahara. Mgeni mmoja alitaka andazi akatoa krooni, pesa ya nchi ya wakati huo. Salme akamwelekeza kibandani. Alirudi anatoka jasho, na somo halikufutwa.

Waliokaa kwenye madawati ya Virve leo ni mahakimu, madiwani, na mmoja yuko benki ya taifa. Krooni tuliyoililia imeshazikwa, siku hizi tunalipa kwa euro. Käbi bado ipo. Tangu kifungu cha saba haijawahi kushuka thamani: ilikuwa ukuni mmoja, ni ukuni mmoja.

Walimu walitaka kumkabidhi Virve käbi moja kwenye fremu, bure, kama zawadi. Gavana amekataa. Fremu iko tayari, iko tupu, na nimemchagulia ukuni wa mbetula usio na kifundo, kwa kuwa na mimi nina moyo. Ijumaa, baada ya keki, tukutane kibandani.

Asante, Virve, kwa watoto wote uliowafundisha kumkatalia mkubwa kwa adabu. Baridi isikukute huko uendako. Njoo na viatu imara, shoka nimelinoa.