Jiwe la Mama Mkaa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililobanwa kati ya kibanda changu cha ushonaji na saluni ya kinyozi. Mimi ndiye fundi cherehani. Wananiita Sindano, si kwa wembamba bali kwa ulimi, maana sina subira na upuuzi, ingawa nikipewa pamoja na kahawa ya moto naumeza vizuri tu. Kahawa ni ya Birika, anayekaa na jiko lake miguuni petu. Kinyozi tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Wa nne ni Wakili, ambaye sheria hakuisomea. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama mpaka alipostaafu, na anadai yaliyompitia mlangoni yanamtosha. Ng'ambo ya barabara ni kwa Mama Mkaa, anayeuza mkaa kwa magunia na kwa makopo. Yuko karibu kiasi kwamba tukimsema anatujibu palepale. Siku ya kisa hiki hakuwa akitujibu, na hilo ndilo lililoninyima raha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama Mkaa amemlea mtoto wa marehemu dada yake tangu hajaota meno. Mtoto akasoma, akasoma tena, akavuka bahari, akafika huko wanakopima mambo ya nyota. Jana yake alituma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, kwa sababu simu ya Mama Mkaa spika yake imejaa vumbi la mkaa na kila anayepiga husikika kama yumo mtungini. Nikaufungulia, mtaa mzima ukasikia: "Mama mdogo, shikamoo. Timu yetu imegundua asteroidi, ni jiwe dogo linalozunguka jua, kule kwenye mkanda wa mawe ulio kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Wamenipa mimi nafasi ya kupendekeza jina, na nataka liitwe kwa jina lako. Ni jeusi kama mkaa. Kesho alasiri nitapiga unipe jibu, ili nilipeleke kwenye kamati."

Binti alicheka kidogo mwishoni. Mama Mkaa hakucheka. Baadaye nilipovuka kwenda kutia makaa kwenye pasi yangu, aliniambia, "Sindano, mtoto huyu shuleni walimwita Masizi kwa ajili yangu. Nimesugua hii mikono kwa ndimu, kwa mchanga, kwa sabuni ya kufulia, asije akanuka mkaa mbele za watu. Leo amefika mbinguni, na huko nako kaona kitu cheusi ndipo akanikumbuka." Jibu lake lilikuwa hapana, na alikuwa na nia ya kulisema kwa namna ambayo ingeuma. Niliogopa kweli. Watu wakinuniana ndani ya nyumba moja, mmoja ataomba chumvi na ugomvi utakwisha. Wakinuniana kwa simu, chumvi ataiomba nani? Na hawa wawili hawana mwingine duniani.

Alasiri ikawa inakaribia, na benchi letu likawa linasaidia kwa namna yake.

Redio: Mimi ningekubali mara mbili. Jina langu lizunguke jua bila nauli, halafu nikatae?

Wakili: Cha bure hakuna. Kitu kikiwa na jina lako, ni chako. Kikiwa chako, kodi ni yako. Na kikidondoka juu ya bati la mtu, kesi ni yako.

Birika: Kitadondokaje, na tumeambiwa kinazunguka?

Wakili: Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Mimi: Walikuwa wanasema habari za mawe?

Wakili: Hawakusema mawe hayamo.

Redio: Nyie mnahangaika na kudondoka. Ulizeni nani kaliweka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Jiwe linaelea au halielei?

Birika: Linaelea.

Redio: Basi limeundwa. Tena ni jeusi, maana yake limeungua. Kuna mtu alikuwa anapika.

Birika: Anapika nani, kati ya Mirihi na Mshtarii?

Redio: Haohao Mirihi na Mshtarii. Walikuwa na jiko la shirika, wakagombea zamu, jiko likapasuka. Ndiyo maana vipande vimetapakaa mkanda mzima. Jiko la shirika limewahi kumaliza salama wapi?

Birika: Hapo umenigusa. Mimi na shemeji yangu tuliwahi kushirikiana jiko. Mpaka leo tukikutana msibani tunasalimiana kwa kupitia watu.

Wakili: Umeona? Ushahidi wa kujitegemea huo.

Birika alijimiminia kahawa yake mwenyewe, dalili kwamba sasa naye alikuwa amepata wazo.

Birika: Lakini hebu tufikiri kibiashara. Kama jiwe lote ni mkaa, kilima kizima, basi mama hapa ana ghala ambalo mvua haifiki. Mkaa mkavu milele. Haba na haba hujaza kibaba. Kila msomi anayetumwa huko juu anarudi na kopo moja.

Wakili: Apite nao wapi? Kwenye kizuizi cha barabarani watauliza kibali cha kusafirisha mkaa.

Birika: Kizuizi gani huko angani?

Wakili: Palipo na mkaa, kizuizi kitakuja chenyewe.

Mimi: Jamani, punguzeni sauti.

Ng'ambo, Mama Mkaa alikuwa anachekecha chenga za mkaa, na alikuwa analitikisa chekeche kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

Mimi: Hoja si jiwe. Hoja ni kwamba binti atapiga simu sasa hivi, na huyu mama anataka kumjibu vibaya. Mwenye neno la maana alitoe.

Redio: Dawa ni ndogo. Amwambie abadilishe, atafute jeupe. Mawe huko hayaishi. Mkono mtupu haulambwi.

Sikujua mkono mtupu umeingiaje hapo. Kabla sijauliza, Mama Mkaa alituinulia uso.

Mama Mkaa: Jeupe la nini? Nani kawaambia nataka jiwe? Nilimsomesha asahau mkaa, mimi. Asahau kabisa. Kumbe kila alikokwenda alikuwa kaubeba.

Wakili akaona ni wajibu wake kupoza.

Wakili: Usimkasirikie, mama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mama Mkaa: Hilo ni la kunituliza au la kunishtaki?

Wakili: Inategemea hakimu.

Hapo pazia la saluni likafunguka, akatoka mtu tusiyemjua. Alikuwa na kitambaa shingoni, kichwa upande mmoja kimenyolewa safi na upande wa pili nywele zimesimama kama zilivyoamka. Nikaelewa kwamba Redio alimwacha kitini alipokuja kutuambia habari za jiko la shirika. Nilimwonea huruma, nilijua amekuja kudai nusu yake.

Mteja: Samahanini, wazee wangu.

Redio: Nakuja, ndugu yangu. Nywele hazikimbii.

Mteja: Sijaja kwa nywele. Nimewasikiliza pale dirishani muda mrefu. Hilo jiwe ni jeusi, siyo?

Wakili: Kama mkaa. Ushahidi upo wa sauti.

Mteja: Na huko liliko ni giza?

Birika: Giza totoro.

Mteja: Sasa huyo binti aliliona vipi?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake.

Birika: Labda kwa tochi.

Redio: Tochi ya kufika Mshtarii? Betri za nani?

Tulikuwa tumelitoza jiwe kodi, tumelipikia, tumelitafutia soko, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza lilijulikanaje kama lipo. Chekeche la Mama Mkaa lilikuwa limesimama.

Mama Mkaa: Huyo bwana wa nusu kichwa ameuliza swali.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Nilimwangalia Mama Mkaa, naye akaiangalia simu kama anaiona tangu huko aliko. Nilidhani hatakuja. Kisha akaweka chekeche chini, akavuka, akijifuta mikono kwenye aproni. Nikaiwasha spika na kumshikia simu karibu na mdomo, kwani yeye hapendi kushika vitu vya watu.

Binti: Shikamoo, mama mdogo.

Mama Mkaa: Marahaba.

Ilikuwa marahaba kavu, ya kumpa mgeni asiyetakiwa.

Binti: Mbona umekuwa kimya tangu jana? Nimekuudhi?

Mama Mkaa: Nijibu kwanza wewe. Jiwe jeusi, mahali penye giza. Uliliona vipi?

Binti: Sikuliona, mama mdogo. Hakuna aliyeliona.

Redio akaninong'oneza, "Nilijua." Nikamkanyaga mguu.

Mama Mkaa: Kama hukuliona, umejuaje kwamba lipo?

Binti: Kwa joto lake. Yale mawe yenye weupe ni rahisi, jua likiyapiga yanang'aa, kila mtu anayaona. Haya meusi hayarudishi mwanga. Yanaumeza karibu wote, halafu yanautoa taratibu ukiwa joto. Kwetu sisi joto lenyewe si kitu, ungeligusa hilo jiwe ungeganda. Lakini kuliko giza lililolizunguka, lina joto. Tunayo darubini ambayo haitafuti mwanga, inatafuta joto. Macho yalisema hapa hakuna kitu. Ile darubini ikasema kipo.

Birika alikuwa ameinama juu ya jiko lake, anageuza kaa moja lililokuwa halina haja ya kugeuzwa.

Binti: Mama mdogo, upo?

Mama Mkaa: Nipo. Sema.

Binti: Nilipoiona ile alama kwenye skrini nililia, wenzangu wakadhani naumwa. Unakumbuka sweta langu la shule? Ulikuwa unaamka gizani, unawasha jiko uani, unalipasha sweta juu ya moto, halafu unaingia nalo na kunifunika miguu. Taa hukuwasha, ili nipate usingizi kidogo zaidi. Sikuwa nikikuona. Miguu ikipata joto ndipo najua umekuja.

Mama Mkaa: Kwani ulikuwa macho?

Binti: Kila siku.

Mama Mkaa: Na mimi nikanyata miaka yote hiyo.

Binti: Sikuweza kukushukuru. Ningekushukuru ungejua silali, ungeacha kunyata, na mimi nilipenda kukusikia ukinyata.

Mteja wa Redio alikuwa amekishika kile kitambaa cha shingoni na kujifutia pua. Hakuna aliyemkataza.

Mama Mkaa: Walikuita Masizi kwa ajili yangu.

Binti: Waliniita. Na mimi nikaitika. Walidhani wananitukana.

Mama Mkaa aligeuka akatazama magunia yake, nikaanza kuogopa mtandao utakatika kabla hajageuka tena. Alipogeuka sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ile ya siku zote, ya kuamrisha wachukuzi.

Mama Mkaa: Lipeleke hilo jina. Na uwaambie hao wa kamati waliandike vizuri, lina mwenyewe.

Binti: Nitawaambia. Asante, mama mdogo. Kwa yote.

Mama Mkaa: Asante na wewe, mwanangu. Umekula?

Wakaendelea na habari za kula na za baridi, nami nikasimama pale na simu mkononi mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuona taabu. Walipomaliza, Mama Mkaa alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka masizi shavuni, na sote tukamwacha nayo kwa adabu. Birika alimpa kikombe, akakung'uta birika kupata tone la mwisho. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Mimi: Asante, Mama Mkaa.

Mama Mkaa: Wewe nawe? Asante ya nini?

Nikamwangalia Redio anisaidie. Alikuwa amemshika mteja wake bega, anamrudisha ndani taratibu. Wakili alisema, "Shahidi ajibu swali," lakini aliyasema hayo akitazama pembeni. Nikafikiria magauni ya maharusi, sare za watoto, suti za watu waliokwenda kuomba kazi, vyote vilivyopita chini ya pasi yangu. Nikamwambia kwamba kila nilichowahi kukinyoosha katika maisha yangu kilinyooka kwa moto wake, na kwamba nilipaswa kumwambia hivyo zamani.

Alicheka, akaniambia niache maneno ya benchi, gunia lake liko wazi na mawingu yamekusanyika. Akarudisha kikombe, akavuka barabara. Katikati alipunguza mwendo, nami nikamsikia akilitaja jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, kwa sauti ndogo. Alilirudia tena, taratibu, kama mtu anayejipima nguo mpya na kuona imemkaa.