Moto wa Sabato

Ijumaa hiyo, katika minibasi ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda Lilongwe, fundi cherehani mmoja wa Bukavu alimuuliza mama wa Uvira aliyekaa karibu naye, mbele yangu tu, kama kesho angekuja kanisani kuoshana miguu, kabla ya meza ya Bwana. Wote Wasabato, ila walijuana kwa umri wa safari hiyo tu.

"Mi siwezi, papa," alijibu mama. "Siku tulikimbia vita ilikuwa Sabato, na mi nikawasha moto njiani."

"Moto tu?"

"We unasema tu! Kwetu, mama yangu alikuwa anapika sombe Ijumaa, na mbele ya jua kuzama anazima moto, anamwangia makala maji. Kesho yake tunakula baridi, batoto bote kwenye mukeka. Tamu, papa!"

Alicheka peke yake. Mimi, nisiyekula kisamvu baridi hata kwa adabu, niliitamani sombe hiyo.

"Neema iko, mama. Hakuna mutu alishika sheria yote."

"Neema njo ya bale banaanguka. Mi sikuanguka. Nilitafuta kuni na mikono yangu."

Fundi akafungua Biblia kwenye Warumi, kama nilivyohofia. Kisha akaifunga.

"Ule moto ulipika nini?"

"Uji."

"Na nani alikunywa?"

Breki zikalia, tumefika. Mama akashuka, akaegemea mlango.

"Mama yangu," alisema. "Alimaliza yote, akanyoosha kopo tena."