Anania Nzunda, Aliyesemwa Anachukua Nyota za Watu

Ndugu waombolezaji, marehemu Anania Nzunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Ihanda, wilayani Mbozi, mtoto wa pili wa mzee Hezron na Marita, akasoma shule ya msingi hapohapo mwaka 1987 hadi 1993, akifaulu kidogo na kubisha sana, kisha mwaka 1998 akaja hapa Tunduma kujifunza ufundi redio, kazi aliyoifanya mpaka mwisho, na wengi mliokaa hapo mmenuna, redio zenu zimepita mikononi mwake.

Tarehe 5 Agosti 2006 alifunga ndoa na Ferista, wakajaliwa watoto wawili, Loisi na Brian.

Mwaka 2019 akaingiwa na hamu ya kupiga picha za nyota, akanunua kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka, darubini ndefu kama bomba la maji, akidhani urefu ndio uwezo, nayo ikaja na miguu mitatu myembamba ya kuku mgonjwa, upepo ukipita mwezi unaruka, na picha zikawa mistari mitupu, maana nyota zinatembea na darubini imesimama. Alihangaika miaka miwili mpaka akaelewa kwamba mtu huanza na stendi, tena nzito, yenye mota ya kuzifuata nyota, ndipo aweke juu yake darubini fupi na kamera, jambo ambalo angeuliza mapema Ferista angepumua.

Balaa alilitoa mdomoni mwake mwenyewe. Jumapili ya tarehe 18 Julai 2021, watu wakitoka kanisani, alijisifu kwamba jana yake amechukua nyota mia tatu, naye jirani yake Osea, ambaye duka lake lilikuwa linakufa kwa kufunguliwa saa tano, akadakia, "Kumbe yangu unayo wewe, fundi!" Siku hiyo walicheka, wiki iliyofuata hakuna aliyecheka, biashara ikidoda ni Anania, binti asipoposwa ni Anania, akawaita waje wachungulie wenyewe, akaja jirani yetu Anna peke yake.

Novemba 2023 alianza kuumwa figo, mkasema nyota za watu zimemlemea, akatibiwa Mbeya, akafariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025.

Jana mmetuma ujumbe kwamba darubini ivunjwe au izikwe naye, la sivyo hamshiki jembe. Haivunjwi wala haizikwi, na kaburi limeshachimbwa na shemeji zake waliotoka Itumba, ambao tunawashukuru, pamoja na madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na Anna aliyepika siku zote tatu, na Osea naye tunamshukuru, amekuja kula.

Darubini inabaki kwa Ferista, picha zote zipo, na anayedai nyota yake aende mchana, mlango wa mbele, ataandaliwa kiti achague iliyo yake.

Anania, lala, mwanetu, maneno ya hawa tuachie sisi.